Anayekodi gari aoneshwe hati ya bima kabla ya kukabidhiwa ufunguo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililotupata mimi na familia yangu katika likizo ya Desemba iliyopita, kwa sababu nimebaini kwamba wengi wetu tunaokodi magari ya kuendesha wenyewe tunapokwenda mapumzikoni hatujui magari hayo yamekatiwa bima gani, na wenye magari hawana haraka ya kutuambia.

Tulisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, na pale mjini tukakodi gari dogo kwa siku sita ili tupande nalo Lushoto. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona zinazofuatana, na mchana ule mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tulipokaribia Soni, lori lililokuwa likiteremka na shehena ya kabichi lilikata kona likiwa upande wetu. Nilikwepa kushoto, gari likateleza, likajigonga kwenye ukingo wa mlima na kutumbukia mtaroni. Lori halikusimama, na hatukuwahi kusoma namba zake. Taa ya kushoto ilivunjika, bampa likaning’inia, rejeta ikaanza kuvuja, na binti yangu wa miaka saba akachanika juu ya jicho. Vijana wa bodaboda, Mungu awabariki, ndio waliomfunga kitambaa na kulivuta gari kutoka mtaroni.

Nilimpigia simu mwenye gari. Kabla hajauliza kama kuna aliyeumia, alisema: “Kaka, trafiki usiwaite, njoo nalo taratibu tutayamaliza wenyewe.” Sikumsikiliza. Sheria inamtaka dereva aliyepata ajali yenye majeruhi atoe taarifa polisi, mtoto alihitaji PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na bila ripoti ya polisi madai ya bima hayana pa kuanzia. Nilikuwa nimepiga picha za alama za matairi kwenye lami, mtaro na kila palipobonyea kabla gari halijavutwa. Askari alifika, akapima, akachora mchoro na kuandika maelezo yangu. Hadi leo sijutii saa tatu tulizokaa pale.

Jioni niliingiza namba ya gari kwenye mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, nikaona bima iko hai, nikashusha pumzi. Nilifarijika bure. Niliporudi Tanga na kudai kuoneshwa hati yenyewe, nilikuta ni bima ndogo, tena ya matumizi binafsi. Bima ndogo hulipa madhara wanayopata watu wengine. Gari lenyewe hailigusi. Na hata ingekuwa bima kubwa, inayolipa gari lenyewe pia, gari lililoandikishwa kuwa la binafsi likikutwa limekodishwa kwa malipo, kampuni ya bima inayo sababu ya kukataa madai. Mwenye gari anajua hayo yote. Anaokoa fedha za bima, na hatari anaibeba mgeni aliyemlipa kodi.

Mkataba niliosaini ulikuwa karatasi moja ya Kiingereza, maandishi madogo, yenye kifungu kinachosema aliyekodi atawajibika kwa uharibifu wote. Kwa kifungu hicho nilitozwa kunyoosha bodi, taa, rejeta, rangi, na juu yake siku 19 ambazo gari lilikaa gereji bila kuingiza fedha. Dhamana yangu ya shilingi 300,000 ilimezwa, nikaongeza 1,450,000. Nakiri kwamba nilisaini bila kusoma vizuri, watoto wakiwa wamekwishapanda na mabegi yako ndani. Lakini mkataba unaotegemea haraka ya msafiri si mkataba wa haki.

Aliyekodi hana hata pa kulalamikia kwa urahisi. Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo kwa ajili ya migogoro kati ya kampuni za bima na wateja wao, na mteja wa bima hapa ni mwenye gari. Kwa hiyo naielekeza hoja yangu kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa mamlaka juu ya mikataba inayoandaliwa na upande mmoja. Naiomba iiite mikataba ya kukodisha magari na kuipitia. Iandikwe kwa Kiswahili, aina ya bima na matumizi yaliyokatiwa yawe mwanzoni kabisa, kiasi ambacho aliyekodi atalipa mwenyewe kitajwe kwa tarakimu, na siku za gereji ziwekewe ukomo. Nao askari wanaokagua bima barabarani waulize pia kama gari limekodishwa.

Pasaka tulirudi Lushoto. Nilipiga simu sehemu tatu nikiomba picha ya hati ya bima kabla ya kulipa chochote. Wawili walikata simu. Wa tatu alinitumia kwa WhatsApp: bima kubwa, matumizi ya kukodisha. Bei yake ilizidi ya wenzake kwa shilingi 20,000 kwa siku, nami nikailipa.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam