Viazi Ambavyo Sikuvipanda

Njombe, Septemba

Kamwene mwanangu,

Habari za masomo huko Morogoro? Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Lakini kilichonikalisha niandike ni viazi.

Unalikumbuka tuta la mwisho la kinyungu chetu, ile bustani ya bondeni, kando ya mfereji? Mwezi wa sita nilikuwa nafyeka pale. Nyasi na mabua ya maharage nikayarundika juu ya tuta hilo, ili kesho yake niyapeleke kwenye shimo la mboji. Jioni ile nikaitwa Makete kwenye shughuli za harusi ya binamu yako, nikakaa siku kumi na mbili. Niliporudi, baridi ilikuwa imeshika, umande unaganda mweupe kwenye majani kila asubuhi. Rundo likabaki pale pale.

Juzi nimeshuka na jembe, nakuta mashina ya viazi yametokeza kwenye zile nyasi, majani yanaanza kugeuka manjano. Nikapiga magoti, nikapekua kwa mikono. Mwanangu, nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini! Viazi kama ngumi, visafi, vimekaa juu juu ya udongo. Jembe sikuligusa. Madebe mawili na nusu! Ni vile vidogo vilivyotuponyoka tulipovuna mwezi wa tatu. Baridi iliyounguza viazi vya jirani ilivikuta vyangu bado vimejifunika.

Matuta mengine yamekauka vumbi, lakini chini ya nyasi udongo niliuminya ukashikana, na minyoo tele. Haya ndiyo matandazo uliyonieleza Krismasi, nami nikakujibu kwamba shamba halitandikwi kama kitanda. Ulisema kweli, mwanangu, na nimefurahi sana kukuandikia hivyo.

Vichache vilivyochungulia jua vimekuwa kijani. Hivyo nimevitenga, havifai kuliwa. Mwakani nitatandaza nyasi nyingi zaidi. Waulize walimu wako unene unaotakiwa.

Debe moja linakuja na basi la kesho alfajiri, ulipokee Msamvu. Vichemshe na maganda yake, ni membamba, utayavua kwa kucha.

Mama yako