Kwa nyie madaktari vijana mnaotaka kuandika

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Kila mara kuna mmoja wenu ananiuliza eti aache wodi ndo aandike vizuri, mwingine anasema akitoka zamu hata kalamu haishikiki, na mi siwabishii, nishawahi kusinzia juu ya faili la mgonjwa.

Ila mwangalieni Anton Chekhov, yule Mrusi, mwandishi aliyekuwa pia daktari. Baba yake alifilisika 1876 akawakimbia wanaomdai, kijana kabaki Taganrog, mji wao, anamalizia shule, baadae akasomea udaktari Moscow huku anaandika vichekesho vya magazetini ili kwao wale, akamaliza 1884. Ule usemi wake wa udaktari ni mke wa ndoa na uandishi ni hawara mnaupenda sana kuposti, haya mmecheka, lakini hamjiulizi huyo mke alimpa nini.

Alimfundisha kuuliza. 1890 kafunga safari mpaka kisiwa cha Sakhalin, mashariki kabisa ya Urusi, huko walikokuwa wanapelekwa wafungwa, kama miezi mitatu anapita nyumba kwa nyumba na kadi mkononi, jina nani, miaka mingapi, umetokea wapi, una mke, kusoma unajua, mpaka zikafika kadi kama 10,000. Sasa hiyo si ndo kuchukua historia ya mgonjwa jamani? Kitabu chake cha Sakhalin kilikuja baadae. Wodi mnayotaka kuikimbia ndo inawafundisha hicho hicho, tena bila ada.

Msimuige kila kitu lakini. Alianza kukohoa damu mwaka uleule aliomaliza chuo, na yeye daktari, akawa anapiga chenga kupimwa mpaka 1897 damu ilipomtoka nyingi, TB hiyo, 1904 kafariki na miaka 44 tu. Watu wote hao aliwauliza, kujiuliza mwenyewe akaogopa.

Na jingine hili ni langu, naona aibu hata kuliandika. Kuna mama alinisimulia mambo yake nikiwa namtibu, nikayafanya hadithi, nikabadilisha jina tu, kovu nikaliacha, kazi yake nikaiacha, nikijiona fundi kweli. Ndugu zake wakaisoma wakamjua. Siku ya kliniki alikuja kama kawaida, hakugomba wala nini, aliomba tu faili lake lihamishiwe kwa daktari mwingine.