Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maonyesho ya Mpaka wa Ziwa Nyasa

Ndugu Wanachama,

Hesabu atazisoma Mhazini. Mimi niseme tu kwamba ada zinasuasua, na wanaodaiwa wanajijua.

Kazi iliyotula muda mwaka huu ni maonyesho kuhusu chanzo cha mgogoro wa Tanzania na Malawi katika Ziwa Nyasa. Tulianza vibaya. Rasimu ya kwanza ilianzia 2012, zogo la vibali vya kutafuta mafuta lilipopamba moto. Mzee wetu mmoja wa Mbamba Bay aliisoma, akavua miwani, akauliza: "Kwani kabla ya mafuta usipa, dagaa wetu wa ziwani, tulikuwa tunavua kwa nani?"

Tukarudi hadi Julai 1, 1890. Katika mkataba wa Heligoland, Waingereza, upande wa Malawi, na Wajerumani, upande wetu, waliupitisha mpaka ukingoni mwa ziwa, upande wa mashariki, kaskazini na magharibi, hadi mdomo wa mto Songwe. Kwa maandishi hayo, mama anayechota maji Lituhi amesimama Tanzania, ndoo yake iko Malawi. Lakini Waingereza haohao, walipoishika Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza, baadhi ya ramani zao ziliuchora mpaka katikati ya maji. Na mwaka 1954 walikubaliana na Wareno, watawala wa Msumbiji, kwamba upande wa Msumbiji mpaka upite katikati. Jirani akapewa maji, sisi tukaachiwa mchanga.

Kamati iligombana juu ya bango moja, la 1962. Mwaka huo serikali ya Tanganyika ililiambia Bunge kwamba hakuna sehemu ya ziwa iliyo ndani ya mipaka yake. Mwaka 1964, mjini Cairo, Mwalimu Nyerere ndiye aliyepeleka kwa wakuu wa nchi za OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) hoja ya kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na Malawi imeishikilia hoja hiyo hadi leo. Barua ya Tanzania ya kudai mstari wa katikati ilikwenda Malawi Januari 1967. Rais Banda wa Malawi aliikataa, na mwaka uliofuata akadai hata ardhi ya kusini mwa Tanzania.

Wajumbe wawili walitaka bango hilo liondolewe, eti linaifaidisha Malawi. Nimekataa. Mgeni kutoka Nkhata Bay, ng'ambo Malawi, atatuuliza habari za 1962 kabla hajaketi. Bango linabaki, mwenye pingamizi amwandikie Katibu kabla ya mkutano mkuu, na awe amelipa ada.

Mwenyekiti