Basi la Kasulu lisikatwe kuwa chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakazi wenzangu wa Kigoma: mwenye basi bovu la zamani uani kwake asiliuze kwa kilo kabla hajatuita tulitazame.

Tuko mafundi sita, wanne tumestaafu. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana hapa Mwanga kufufua basi moja aina ya Bedford lililokaa juu ya mawe miaka mingi hadi mpapai ukaota mlangoni. Mwenyewe alikuwa ameshapatana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Tulimbembeleza, akatuachia. Hatulipwi, wala hatutaki basi hilo lirudi kubeba abiria. Tunataka watoto walipande, washike usukani, waone babu na bibi zao walivyosafiri kwenda Kasulu na Kibondo enzi za vumbi na matope.

Wapita njia hutuuliza mbona hatulisukumi likawaka. Injini iliyolala muda mrefu ukiilazimisha unaivunja. Tulimimina mafuta mepesi ndani ya silinda, tukasubiri wiki mbili, kisha tukaizungusha kwa mkono kidogo kidogo mpaka ikalegea.

Bodi ndiyo yenye kazi. Mabasi mengi ya wakati ule yalianza kama chesisi tupu, yaani fremu yenye injini na magurudumu, bodi ikaundwa na mafundi wa hapahapa kwa mbao na bati. Mbao za hili zimeliwa na mchwa, kwa hiyo kila nguzo tunaipima na kuichora kabla ya kuing'oa, la sivyo ile mpya ya mninga haitakaa. Rangi nayo hatuikwangui ovyo. Tulipopiga msasa taratibu ubavuni, chini ya buluu ikatokea kijani, na chini ya kijani herufi za brashi: KASULU. Mzee mmoja kati yetu, aliyekuwa utingo wa njia hiyo, akasema nyuma ya herufi hizo palikuwa na ngazi ya kupandisha magunia ya dagaa kwenye keria. Tukakwangua alipoonyesha, tukakuta matundu manne ya skrubu yamezibwa kwa lami. Bila yeye tungeyafunika kwa bati jipya, na ngazi isingerudi kamwe.

Ndiyo maana nina haraka. Sisi wa Kigoma tunajua chuma kinavyookolewa. Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikiitwa bado Graf von Goetzen, walizipaka kwanza injini zake grisi. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi. Mabasi yetu hakuna aliyeyapaka grisi, na wanaojua ngazi ilikuwa wapi wanapungua.

Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Kule Brooklands, Uingereza, makumbusho ya mabasi ya London yanaendeshwa na watu wa kujitolea kama sisi. Hapa petu, Ujiji, tumetunza mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na wageni wanafika kupaona. Naiomba Halmashauri ya Manispaa itupatie banda lenye paa, ikiwezekana hukohuko Ujiji, ili anayekuja kusikia habari za misafara ya miguu aone pia gari lililowabeba wazazi wetu. Mvua zikianza tena, turubai letu halitafaa.

Kwa wasomaji: picha yoyote ya mabasi hayo, hata iliyofifia, tiketi, honi, taa, kibao cha njia, vyote tunavihitaji. Tunawatafuta zaidi madereva na makonda wa zamani. Mzee asiyeweza kuinama aje akae kwenye kiti, atuelekeze. Jumamosi ijayo tunafungua ubavu wa kulia, na hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka mlango wa dereva ulifungukia upande gani.

Fundi mstaafu,
Mwanga, Kigoma