Kwako Wanjiku, kuhusu kamongo

Dunga, Kisumu

Kwako Wanjiku,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila joto limetuchosha. Barua yako niliipata. Umeniuliza kama viumbe watalizoea joto hili au watakwisha, ukanitajia heroe wa Nakuru. Hao wana mabawa. Ziwa lenu lilipofurika na magadi yake kuzimuliwa, mwani wanaoutegemea ulipungua, wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mimi huwawazia wasio na pa kuhamia.

Chukua kamongo, samaki wa hapa kwetu Ziwa Victoria. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki naye mwili ukipata moto hutaka oksijeni zaidi. Amebanwa huku na huku. Mbuta, yule sangara mkubwa, hali hiyo humtesa upesi. Kamongo ana mapafu: hupanda juu, huvuta pumzi, hushuka. Akinaswa na wavu asifike juu, hufa maji, samaki mzima! (Shangazi yangu hamli kabisa, anasema anafanana mno na nyoka.) Kinamasi kikikauka anaweza kujichimbia topeni, akajifunika ute unaokauka kuwa ganda, akaishi kwa kujila misuli yake hadi mvua irudi. Gugumaji lilipofunika Ghuba ya Winam, upande wetu wa ziwa, miaka ya 1990 na maji ya chini yake kukosa hewa, wavuvi walianza kupata kamongo na mumi (kambare) wengi kuliko zamani.

Ungedhani basi ziwa la kesho ni lake. Mimi sidhani. Kamongo hutagia kwenye mafunjo ya ukingoni, dume akalinda mayai na watoto, na mafunjo yenyewe yanazidi kupungua. Siwalaumu wasusi wa mikeka na vikapu, maana mafunjo yaliyokatwa huchipua tena. Kuchoma na kulima ndiko kunakoyamaliza. Wanaolima nao ni majirani zangu, mboga zao nazila, kwa hiyo nisijifanye hakimu.

Hapa Dunga kuna pia ndege mmoja, kifua chekundu, mgongo mweusi, utosi wa manjano. Haishi kwingine ila ndani ya mafunjo. Kwa hiyo hata lile neno langu la mabawa halimsaidii huyu: aruke aende wapi, kama ng'ambo nako pamelimwa? Heroe walikuwa na Bogoria. Ndipo ninapoona swali lako lina nusu ya pili. Joto kamongo angelimudu kwa muda mrefu tu, lakini hajaumbwa kuishi shambani kwa sukuma wiki.

Njoo shule zikifunga Agosti. Tutatoka na mashua alfajiri, jua likiwa bado pole. Kamongo usitegemee kumwona, ila ndege huyo utamsikia kabla hujamwona. Na uniandikie: heroe wangapi wamerudi huko kwenu, na ile migunga iliyokufa ndani ya maji bado imesimama? Msalimie mama.

Wako,
Otieno