Kesho jioni: tumalizane na "It can rain today"

Wanakikundi wa Kiingereza, wakubwa shikamooni.

Kesho saa kumi na moja, palepale Shangani chini ya mwembe. Aliyeondoka na makapeni ya ubao aje nayo, tafadhali.

Jumamosi karibu nusu yetu tuliandika "It can rain today", tukimaanisha huenda mvua ikanyesha leo. Kosa linatoka nyumbani: kwetu mtu "anaweza" kuogelea na mvua "inaweza" kunyesha, kitenzi kilekile. Kiingereza kinatenganisha. "Can" ni kwa jambo lenye kawaida ya kutokea: "It can get very hot in Mtwara in November". Mvua ya leo, unayoibashiri kwa kutazama wingu lile juu ya bahari, ni "It may rain", "It might rain" au "It could rain". "Might" ina shaka zaidi kidogo, ila wengi hawajali, na nyie msiumize kichwa.

Kwenye kukanusha ndiko kuna mtego. "He may not be at home": huenda hayupo. "He can't be at home": haiwezekani awepo, kufuli nimeliona mlangoni. Mimi niliwahi kumwandikia mnunuzi wa korosho "The sacks can't be ready on Friday", nikimaanisha huenda yasiwe tayari. Akanunua kwingine, na magunia Ijumaa yalikuwa tayari!

Kila mmoja aje na sentensi tatu kuhusu kivuko cha Msanga Mkuu kuchelewa. Na "maybe" ikiwa neno moja ni "labda"; msiichanganye na "may be", maneno mawili, kama "He may be at home": huenda yupo.