Filamu za Wuthering Heights zinamtupa Hareton

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa ukurasa wenu wa filamu, ambaye Jumamosi iliyopita alizipanga filamu za Wuthering Heights, riwaya ya Mwingereza Emily Brontë, kuanzia iliyo bora hadi iliyo dhaifu. Kipimo chake kilikuwa kimoja tu: mapenzi ya Heathcliff na Catherine yanamgusa mtazamaji kiasi gani. Kwa kipimo hicho akaiweka juu ile ya mwaka 1939, ya Laurence Olivier na Merle Oberon. Mimi nakisoma kitabu hiki tangu nilipokuwa kidato cha tano, na nakala yangu nimeishona mara mbili kwa uzi wa gunia. Kila filamu naiuliza swali moja: Hareton yuko wapi?

Emily Brontë alikitoa kitabu hicho Desemba 1847 kwa jina la kubuni, Ellis Bell, na mwaka mmoja baadaye akafariki akiwa na miaka 30. Hakuacha riwaya nyingine. Kina sura 34, na Catherine anakufa katika sura ya 16. Hata nusu haijafika! Sura zilizobaki ni za watoto: Cathy, aliyezaliwa usiku uleule mama yake alipokufa, Linton, mtoto mgonjwa wa Heathcliff, na Hareton, mtoto wa Hindley, kaka yake Catherine.

Heathcliff aliokotwa mtaani Liverpool. Mzee aliyemleta nyumbani, baba yao Hindley na Catherine, alipokufa, Hindley alimkatiza masomo akamtupa shambani pamoja na vibarua. Heathcliff akatoroka, akarudi na fedha, akamwacha Hindley azame katika pombe na kamari hadi nyumba na ardhi yote vikawa rehani mikononi mwake. Kisha deni likaangukia kwa mtoto. Hareton alilelewa bila kufundishwa hata herufi moja, akawa mtumwa katika nyumba ya ukoo wake. Na juu ya mlango wa nyumba hiyo pamechongwa "Hareton Earnshaw" na mwaka 1500. Kijana anapita chini ya jina lake kila siku, wala hawezi kulisoma.

Sasa itazame hiyo ya 1939. Picha zake ni nzuri, na zilipata tuzo ya Oscar, silikatai hilo. Lakini Catherine anakufa bila kuacha mtoto, na Hareton hayumo kabisa. Badala yake tunaonyeshwa mizimu ya wapenzi wawili ikitembea kwenye theluji, tukio ambalo mwongozaji mwenyewe, William Wyler, alikataa kulipiga, na mtayarishaji Samuel Goldwyn akaagiza lipigwe hata hivyo. Filamu ikaishia hapo, mtazamaji akaenda kulala akidhani ameliona jumba lote, kumbe hakuvuka sebule.

Ya mwongozaji Andrea Arnold ya 2011 naiheshimu zaidi. Upepo unasikika kuliko muziki, tope ni tope kweli, na Heathcliff ameigizwa na James Howson, kijana mweusi. Waliolalamikia jambo hilo wakisome kitabu tena: Brontë mwenyewe anamwita mtu wa ngozi nyeusi, na majirani wanabahatisha kwamba huenda ni mtoto wa mabaharia wa Kihindi. Hareton yumo humo akiwa mtoto mdogo. Lakini filamu inaisha kabla hajakua, nami nilikaa mbele ya runinga nikiwa kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Ya 1992, ya mwigizaji Ralph Fiennes, inajitahidi kufika kwa watoto. Juliette Binoche anacheza mama na binti. Tatizo ni haraka. Iliyonitosheleza ni tamthilia ya BBC ya 1978, ya sehemu 5, kwa sababu ilijipa muda wa kusimulia kama Nelly Dean, mtumishi wa nyumba, anavyosimulia kitabuni, akikaa na mgeni siku baada ya siku.

Nieleze kwa nini nashikilia hili. Miaka ya sabini nilifundisha kisomo cha watu wazima karibu na mashamba ya mkonge hapa Korogwe. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mzee wa kukata mkonge, aliyekuwa akificha daftari ndani ya shati ili watoto wasimcheke. Siku moja walimcheka mbele yangu. Akalichana daftari lile, akaondoka, na wiki tatu hakuonekana. Sikuhitaji kuelezwa sura ya 31, pale Cathy anapomcheka Hareton kwa kusoma kwake kwa kubabaika, naye akavitupa motoni hata vile vitabu vichache alivyovikusanya. Wala sura inayofuata, Cathy anapofunga kitabu kizuri kwa karatasi nyeupe na utepe, akaandika juu yake "Bwana Hareton Earnshaw", akaahidi kwamba akikipokea atakuja amfundishe.

Hapo ndipo kisasi cha Heathcliff kinapokufa. Anawakuta wale wawili wamekaa na kitabu chao, wanainua macho kumtazama, na macho ya wote wawili ni ya Catherine. Mkono wake unakosa nguvu ya kubomoa tena. Filamu isiyo na Hareton haina njia ya kummaliza Heathcliff isipokuwa kumfanya mzimu.

Basi namwomba mwandishi wenu, akizipanga tena, atuambie kila filamu imefika sura ya ngapi.

Mwanafunzi wangu alirudi. Tarakimu alizijua zamani, kwa kuhesabu mafungu ya mkonge aliyokata; kilichomshinda kilikuwa jina lake. Hareton alianza upande wa pili. Katika sura ya 24 anamwita Cathy mlangoni, anamwonyesha yale maandishi ya juu, na anajikokota hadi kulimaliza jina. Cathy anamuuliza, na zile namba? Anajibu kwamba hizo bado hajazijua.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga